Makaa Yalipokwisha, Injini Zikanywa Mafuta

Hotuba iliyotolewa Tabora mbele ya wastaafu wa reli, walimu na wanafunzi wa ufundi. Imewekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioitumikia reli, walimu, vijana wa ufundi, mabibi na mabwana: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wenyeji wetu wa Unyamwezi, mwangaluka.

Nimeombwa nizungumzie namna injini za treni zilizokuwa zikichoma makaa ya mawe zilivyogeuzwa zichome mafuta, katika nyakati ambazo makaa yalikuwa haba. Kwa kuiangalia juu juu, mada hii ni ya mafundi peke yao, na naona baadhi ya akina mama waliokaa nyuma wameshaanza kujiuliza kama wangebaki nyumbani. Nawaomba mvute subira. Ninalotaka kulisema leo ni kwamba fundi anapobadili kile kinachowaka ndani ya tanuri, kazi yake haiishii kwenye injini. Anabadili pia mtu, au nchi, au bandari, ambayo reli nzima itaitegemea kuanzia siku hiyo. Injini yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Huko kwingine ndiko watu walikokwama, na baadhi yao walikuwa mataifa makubwa yenye mafundi hodari kuliko wote duniani.

Tuanze hapa nyumbani. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikagusa maji ya Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Je, injini zilizokuwa zikipita hapa wakati huo zilichoma nini? Vijana wengi hujibu haraka: makaa ya mawe. Lakini makaa ya mawe ya nchi hii yako kusini, Kiwira, Ngaka na Mchuchuma, mbali kabisa na reli hii. Makaa ya kutoka nje yalipaswa kuja kwa meli, yashushwe Dar es Salaam, kisha yabebwe na treni ileile ambayo ingeyachoma. Kilichokuwapo tele kando ya njia ni miti ya miombo, na kwa hiyo reli yetu ilizoea kuni.

Kuni zina ubaya wake, na wazee hawa wanaujua. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa joto la takriban megajuli 15; kilo moja ya makaa mazuri ya mawe hutoa karibu megajuli 30; kilo moja ya mafuta mazito hutoa karibu megajuli 40. Maana yake ni kwamba mzigo wa kuni unaohitajika kuivuta treni ileile, kwa umbali uleule, ni zaidi ya mara mbili ya mzigo wa mafuta kwa uzito, na kwa ukubwa wa nafasi inayochukuliwa ndani ya tenda, lile behewa la nishati na maji linalofuata nyuma ya injini, tofauti ni kubwa zaidi. Treni ya kuni husimama mara kwa mara kupakia, na cheche zake huchoma nyasi za kiangazi kando ya njia. Hata hivyo kuni zilikuwa na jambo moja ambalo makaa na mafuta havikuwa nalo: hazikupitia baharini. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza na Waingereza wakaifunga bahari, Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi hii hawakuweza kupokea shehena za kawaida kutoka kwao. Treni ziliendelea kutembea kwa kuni za porini, mpaka majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Tabora mwezi Septemba 1916.

Ndugu zangu, shikeni hilo. Nishati iliyo duni kwa joto ndiyo iliyoiokoa reli, kwa sababu mwenye kuitoa alikuwa jirani. Tutalirudia jambo hili kwa sura nyingine.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, maana vijana wa ufundi hawatanisamehe nikiiruka. Injini ya makaa inageuzwaje iwe injini ya mafuta?

Kwanza huondolewa wavu wa chuma uliokuwa ukibeba makaa chini ya tanuri. Mahali pake huwekwa sinia la chuma lililofunikwa kwa matofali yanayostahimili moto, na matofali hayo hupandishwa pia ukutani hadi kimo fulani, ili ndimi za moto zisiligonge bamba la tanuri moja kwa moja. Kisha hufungwa bana, ambayo ni kinyunyizio kipana chenye njia mbili: mafuta hupita njia moja na mvuke hupita njia ya pili. Mvuke hutoka kwa kasi na kuyapasua mafuta yawe ukungu, na ukungu huo ndio unaowaka. Mafuta mazito ni yale yanayobaki baada ya mafuta ghafi kutolewa petroli, mafuta ya taa na dizeli. Yakipoa huwa mazito kama uji uliolala, na hayapiti kwenye bomba. Kwa hiyo ndani ya tenda, pale palipokuwa pakirundikwa makaa, hutiwa tangi, na ndani ya tangi hupitishwa mabomba ya mvuke wa kuyapasha moto mpaka yalainike. Baada ya hapo yanabaki mabomba, valvu, na vilango vya hewa ambavyo mchochea moto anaweza kuvifungua na kuvifunga kutoka mahali anaposimama.

Mnaona? Hakuna hapo kitu ambacho karakana yenye mafundi wazuri haiwezi kukifanya. Boila haibadiliki, silinda hazibadiliki, magurudumu hayabadiliki. Anayebadilika kabisa ni fayamani, yaani yule mchochea moto.

Fayamani wa makaa alikuwa mtu wa chepe. Kazi yake ilipimwa kwa mgongo. Fayamani wa mafuta anakaa kwenye kiti, mkono mmoja ukiwa kwenye valvu ya mafuta na macho yakiwa kwenye bomba la moshi. Moshi ukiwa mweusi, hewa haitoshi na mafuta yanapotea bure. Pasipoonekana moshi wowote, hewa imezidi na joto linatoroka nayo. Anachokitaka ni ukungu hafifu wa kijivu, na lazima aufuate huo muda wote, kwa sababu kila dereva anapoongeza au kupunguza mvuke wa kuvuta, mvuto wa hewa ndani ya tanuri nao hubadilika. Wasiojua walidhani kazi imekuwa ya kivivu. Waulizeni wazee hawa kama ilikuwa ya kivivu kwenye mlima, usiku, treni ikiwa na mzigo kamili.

Naomba nilieleze jambo moja kwa undani, kwa sababu naona linasahaulika. Moto wa mafuta huacha masizi ndani ya mabomba membamba ya boila, na masizi huzuia joto lisifike kwenye maji. Injini iliyojaa masizi hunywa mafuta mengi na kutoa mvuke kidogo. Dawa yake ni mchanga. Fayamani huchukua mchanga mkavu kwenye upawa, husubiri mpaka injini inavuta kwa nguvu, kisha huuachia mchanga kwenye tundu la mlango wa tanuri. Mvuto wa hewa huunyakua, huupitisha ndani ya mabomba yote, na mchanga hukwangua masizi unapopita. Kule mbele, kwenye bomba la moshi, hutoka wingu jeusi tii linaloweza kuifunika treni nzima. Aliyekuwa ameanika nguo karibu na reli siku hiyo alikuwa na haki ya kulalamika.

Kulikuwa na hatari pia, na hatari hiyo ilikuwa tofauti na ya makaa. Moto wa makaa hauzimiki ghafla. Moto wa mafuta unaweza kuzimika kwa sekunde moja, labda kwa tone la maji lililoingia kwenye mafuta, na kama valvu itabaki wazi, mafuta huendelea kumwagika juu ya matofali yenye moto mkali, hugeuka kuwa mvuke wa mafuta, hujaa tanurini, kisha hulipuka na ndimi za moto hurudi mpaka pale watu waliposimama. Ndiyo maana utaratibu wa kuwasha haukuruhusiwa kuvurugwa: kwanza kipulizi kifunguliwe ili hewa ivutwe kuelekea bomba la moshi, kisha tambara lililolowekwa mafuta liwashwe na kutupwa ndani, kisha mvuke wa bana, na mafuta yawe ya mwisho. Isitoshe, injini iliyopoa haina mvuke wake wa kunyunyizia mafuta, kwa hiyo huazima mvuke kutoka kwa injini nyingine au boila ya karakana, au huanza kwa kuni. Naam, hata injini ya mafuta ilianza siku yake kwa kuni pale ambapo hapakuwa na wa kuiazima.

Tumemaliza sehemu rahisi. Sasa twende Uingereza.

Uingereza ilikuwa nchi ya makaa ya mawe. Reli zilizaliwa huko zikichoma makaa, na makaa bora ya mvuke yalitoka Wales, kwenye eneo la kampuni iliyoitwa Great Western Railway. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni hiyohiyo iliyokaa juu ya makaa bora ikajikuta inayakosa. Wachimbaji walikuwa wachache, migodi ilikuwa imechoka, na makaa mazuri yalitakiwa yauzwe nje ili nchi ipate fedha. Mnamo mwaka 1945 kampuni hiyo ikaanza kugeuza baadhi ya injini zake za mizigo zichome mafuta, kisha ikaendelea na injini za abiria. Zilifanya kazi vizuri. Serikali ilipoona hivyo ikavutiwa, na mwezi Agosti 1946 ikatangaza mpango wa nchi nzima: injini 1,217 zigeuzwe, ili ziokolewe takriban tani milioni moja za makaa kila mwaka.

Ulikuwa mpango mzuri? Kwenye karatasi ulikuwa mzuri sana. Na majira ya baridi yaliyofuata, mwanzoni mwa mwaka 1947, yalionekana kuuthibitisha, kwa sababu theluji ilianguka kwa wingi kiasi kwamba makaa yaliganda kwenye malundo, mabehewa yakakwama njiani, na mwezi Februari viwanda vingi vikakatiwa umeme. Nchi nzima ilikuwa ikilia makaa. Karakana zikaendelea kufunga bana. Matangi ya kuhifadhia mafuta yakajengwa kwenye vituo vya injini.

Kisha ikaulizwa hesabu ambayo ingepaswa kuulizwa mwanzo: mafuta haya yanalipiwa kwa fedha gani? Makaa ya Wales yalilipiwa kwa paundi. Sehemu kubwa ya mafuta ilihitaji dola, na Uingereza baada ya vita haikuwa na dola. Mwezi Julai 1947 serikali, kwa masharti ya mkopo wa Marekani, iliruhusu paundi ibadilishwe kwa dola bila vizuizi. Haikuchukua wiki sita; akiba ikayeyuka, na tarehe 20 Agosti ruhusa hiyo ikasitishwa. Kuanzia hapo, kila pipa la mafuta lililochomwa na treni lilikuwa pipa la dola ambazo nchi ilizihitaji kwa chakula. Mpango ukaachwa mwaka 1948. Kati ya injini 1,217, zilizokuwa zimegeuzwa ni 93 tu, na hizo nazo zikarudishwa kwenye makaa. Yapo matangi yaliyokamilika ambayo hayakupata kazi ya maana hata siku moja.

Vijana, naomba mnisikilize vizuri hapa. Mafundi hawakushindwa. Bana hazikushindwa. Injini zilitoa mvuke kama zilivyotakiwa. Kilichoshindwa ni mfuko wa dola, ambao hakuna fundi mwenye spana ya kuufungua.

Na sasa ndugu zangu wa Urambo, mliokaa upande huu, hadithi hii inawafikia ninyi. Katika miaka ileile, kwa sababu ya ukosefu uleule wa dola, Waingereza hawakuwa na mafuta ya kupikia ya kutosha. Wakaamua kulima karanga katika Tanganyika ili wapate mafuta bila kulipa dola. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, kisha Nachingwea na hapa kwetu Urambo. Matrekta yakaja, miombo ikang'olewa, ardhi ikawa ngumu na mvua ikawa haba, na mwaka 1951 mpango ukafungwa. Huwa tunausimulia mpango wa karanga kama kichekesho cha kilimo. Mimi nauona kama ndugu wa zile injini 93. Fedha ilipokosekana London, injini huko zilirudishiwa wavu wa makaa, na huku kwetu miti ikang'olewa. Yule aliyekaa Urambo mwaka 1948 hakuwa na njia ya kujua kwamba shamba lililofunguliwa mbele ya nyumba yake na injini iliyosimama bila mafuta kule Uingereza vilitoka kwenye daftari moja.

Je, palikuwa na mtu aliyelifikiria hili mapema? Alikuwapo, tena zaidi ya miaka hamsini kabla. James Holden alikuwa mkuu wa injini wa kampuni ya Great Eastern Railway, yenye karakana Stratford, mashariki ya London. Kampuni yake ilikuwa ikitengeneza gesi ya mafuta kwa ajili ya taa za mabehewa, na mtambo huo ulitoa takataka ya kilami ambayo haikuwa na mahali pa kutupwa pasipochafua maji. Holden akaamua kuichoma kwenye injini. Mwaka 1893 akaitoa injini iliyopewa jina Petrolea, na nyingine zikafuata.

Ninalompendea Holden ni busara ya mfumo wake. Hakuung'oa wavu wa makaa. Alibakiza moto mdogo wa makaa chini, na mafuta yakanyunyizwa juu yake, kiasi kwamba injini ingeweza kurudi kwenye makaa bila kuingia karakana. Mafuta yalipokuwa rahisi, alichoma mafuta. Bei ilipopanda mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ilirudi kwenye makaa, na hapakuwa na aibu wala hasara kubwa. Miaka michache kabla yake, kusini mwa Urusi, Thomas Urquhart alikuwa amegeuza injini za reli ya kwenda Tsaritsyn zichome mabaki ya mafuta ya Baku. Lakini yeye alikuwa karibu na kisima, hivyo hakuhitaji mlango wa kurudia. Mnaiona tofauti? Aliye karibu na kisima anaweza kufunga mlango nyuma yake. Aliye mbali na kisima afanye kama Holden.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili nchi nyingi zilijikuta zimefungiwa mlango bila kupenda. Argentina ilizoea makaa ya Uingereza. Meli zilipokosekana, injini zake zikachoma kuni, na baadaye zikachoma mahindi. Nasikia mnaguna. Ndiyo, mahindi, kwa sababu mahindi hayakuwa na meli ya kuyapeleka sokoni na yalikuwa yakioza ghalani. Mimi siwezi kuwalaumu, ingawa kwa mtu wa Tabora si jambo rahisi kulisikia. Uswisi, ambayo haina makaa lakini ina maporomoko ya maji, ilifanya kioja kikubwa zaidi: ilichukua injini mbili ndogo za mvuke za kupangia mabehewa, ikazifunga vipokea umeme juu ya paa, na maji ya boila yakachemshwa kwa umeme. Injini ya mvuke isiyo na moto! Mhandisi yeyote atakwambia kwamba huko ni kuupoteza umeme, na atakuwa na haki, lakini umeme walikuwa nao na makaa hawakuwa nayo.

Ireland ndiyo iliyoteseka kuliko wengi. Makaa iliyoyapata kutoka Uingereza wakati wa vita yalikuwa machache na mabovu, mengine vumbi tupu. Yakiwaka yaliyeyuka na kugandamana juu ya wavu, hewa ikazibwa, mvuke ukashuka, na treni ikasimama katikati ya mashamba huku wafanyakazi wakiutoa moto wote nje na kuanza upya. Safari ambazo kwa kawaida zilikuwa za saa chache ziliweza kumaliza siku nzima. Mwaka 1947 hali ilipozidi kuwa mbaya, reli ya huko nayo ikageuza baadhi ya injini zake kuwa za mafuta, na ili mtu wa ishara ajue ni ipi inayokuja, zikapakwa duara kubwa jeupe mbele, kwenye mlango wa sanduku la moshi, na jingine kwenye tenda. Kwa nini ajue? Kwa sababu treni yenye duara ilitegemewa kufika kwa wakati, na ile isiyo nalo ingeweza kukwama popote, hivyo yenye duara ipewe njia kwanza. Makaa yalipoanza kupatikana tena, injini hizo nazo zikarudishwa kwenye makaa.

Turudi Afrika Mashariki. Hapa kwetu mambo yalikwenda tofauti, na ni vizuri tuelewe kwa nini. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika, na shirika jipya likaagiza injini kubwa. Zilizo mashuhuri kuliko zote ni zile 34 za daraja la 59 zilizojengwa na Beyer, Peacock kule Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, zenye uzito wa zaidi ya tani 250, zikiwa ndizo injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki na zilifanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi, kwa hiyo hapa Tabora hatukuzoea kuziona. Hizo zilichoma mafuta tangu siku ya kwanza, na sababu si uhaba peke yake. Tanuri la ukubwa ule lisingeweza kulishwa kwa chepe na mtu mmoja akipanda kutoka usawa wa bahari. Mikono ya binadamu ina kikomo. Mafuta yaliondoa kikomo hicho. Wenye kutaka kumwona ndugu yetu wa huku wanaweza kwenda kwenye makumbusho ya reli mjini Nairobi, ambako imehifadhiwa injini nyingine, isiyo ya daraja hilo, nambari 3020, jina lake Nyaturu, likiwa ni jina la watu wa Singida.

Kwa reli isiyo na mgodi wa makaa hata mmoja kando yake, uamuzi wa kwenda kwenye mafuta ulikuwa wa busara, na naomba nieleweke hivyo. Makaa nayo yalikuwa yakitoka nje. Tulibadili mgeni kwa mgeni, na mgeni wa pili alikuwa mwepesi kubebeka. Mwaka 1966 tukapata hata kiwanda chetu cha kusafisha mafuta pale Kigamboni. Lakini mafuta ghafi yaliyosafishwa pale hayakuwa yetu. Ilipofika mwishoni mwa mwaka 1973, bei ya pipa ikaruka kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12 ndani ya miezi michache, na wakati huo injini za dizeli zilikuwa zimeshaanza kuzirithi za mvuke. Dizeli ni injini bora kwa mambo mengi, lakini ina jambo moja ambalo mvuke haukuwa nalo: haiwezi kurudi kwenye kuni. Tanuri la injini ya mvuke lingeweza kulishwa kuni, makaa, mafuta, na kama tulivyosikia, hata mahindi.

Majirani zetu wa kusini walilitumia hilo kwa namna ya kushangaza. Rhodesia, kama ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa imewekewa vikwazo vya mafuta tangu serikali ya walowezi ilipojitangazia uhuru mwaka 1965. Mafuta yalikuwa ya shida, lakini mgodi wa makaa wa Wankie, ambao leo tunauita Hwange, ulikuwa ndani ya mipaka yake na kando ya reli. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati dunia nzima ikiuza injini za mvuke kama chuma chakavu, reli ya huko ikaanza kuzifufua zake. Siisifu serikali ile hata kidogo. Nasema tu kwamba mahesabu ya mgodi ulio jirani hayaangalii mwenye kuyafanya. Zimbabwe huru iliirithi kazi hiyo na ikaendelea nayo, na injini hizo zikavuta treni Bulawayo kwa miaka mingi baadaye.

Sasa leo. Wapo vijana hapa wanaojifunza kufunga mitungi ya gesi asilia kwenye magari na bajaji, na nawapongeza, kwa sababu gesi ya Songo Songo na Mtwara ni yetu, haihitaji dola kama petroli inavyohitaji. Kazi ya kufunga ni nyepesi kuliko kugeuza tanuri la injini ya mvuke. Lakini mteja akija kutoka Sikonge akitaka kufungiwa, kabla ya kushika spana mwulizeni atajaza wapi akifika Manyoni. Vituo bado ni vichache na vingi viko Dar es Salaam na jirani zake. Mkimwachia tangi lake la petroli lifanye kazi pamoja na mtungi, mtakuwa mmefanya kama Holden, na ndivyo mifumo mingi inavyofungwa. Akiwaambia mling'oe ili apate nafasi ya mizigo, kataeni.

Na treni ya umeme je? Mwaka 2024 ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma, na ujenzi wa kuja huku kwetu unaendelea. Huko hakuna tanuri, hakuna tenda, hakuna mchanga. Umeme wake unatoka kwenye gridi, na gridi yetu sasa inaegemea maji ya Rufiji, kwenye bwawa lililosanifiwa kutoa megawati 2,115, pamoja na gesi. Vyote viwili ni vya nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu enzi za kuni reli hii itatembea bila kumngoja mwenye meli. Hilo ni jambo kubwa. Anayetegemewa sasa ni mvua. Wenye umri wangu mnaukumbuka mgao wa mwaka 2006, mabwawa yalipokauka. Kwa hiyo mwanafunzi anayesomea umeme wa reli ajue pia kusoma kina cha bwawa, na ahesabu mapema gesi itabeba kiasi gani mwaka ambao mvua itakawia, na ni treni zipi zitakazopewa njia kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, muda ulionipa umekwisha. Wazee wetu waliokaa safu ya mbele wamekubali kubaki, na mmoja wao amekuja na ule upawa wa mchanga, anasema hakuwahi kuurudisha stoo. Maswali ya moto waulizeni wao. Ya dola niulizeni mimi.